Mkono wa Kushoto

Chuo kimoja cha ualimu pale Mbulu, ambacho jina lake tuliache lipumzike, kilipata projekta mwaka ambao Bonaventura alikuwa mwaka wa pili. Ilipokelewa kama askofu. Ilipigiwa vigelegele, ikaombewa, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kuiwasha. Hatimaye mkufunzi wa Tehama, Madam Gaudensia, mama mpole mwenye sweta la kijani na sauti ya kanisani, akatangaza kwamba kuanzia sasa kila mwanachuo atakayekwenda mazoezi ya kufundisha atarekodi somo moja zima kwa kishikwambi, mwanzo hadi mwisho, bila kukata. Alama zitatoka humo. Asiye na video nzuri atarudia mwaka.

"Somo hai ni lile ambalo wanafunzi wanashiriki," alisema Madam. "Nataka kuona mikono."

Bonaventura alilisikia neno mikono na moyo wake ukatulia kabisa. Alikuwa mtoto wa wakulima wa Nambis, lakini mlezi wake halisi alikuwa bweni. Bwenini alijifunza kusali huku jicho moja likitazama sahani za ugali, na alijifunza pia kwamba mkubwa anayekagua huwa anahesabu tu, haangalii. Ukiweka mto chini ya blanketi, umelala. Ukiacha viatu mlangoni, umo ndani. Na sasa baba yake alikuwa ameshaanza kumwita "mwalimu" mbele ya majirani, kwa hiyo kurudia mwaka lilikuwa jambo la kumfanya mtu ahamie Kongo.

Walipangiwa shule moja ya msingi upande wa barabara ya Haydom, yeye na mwenzake Fausta, wapokezane zamu: mmoja afundishe, mwingine ashike kishikwambi, na alama zao zitoke pamoja. Siku moja kabla ya kurekodi, Bonaventura alisimama mbele ya darasa la tano kama jenerali.

"Sikilizeni, wataalamu. Kesho tunaingia kwenye video. Nikiuliza swali, wote mnanyoosha mkono. Wote! Anayejua jibu ananyoosha wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia tu. Mwenye wa kushoto asiogope, simgusi hata kidogo."

"Na mwenye chafya, mwalimu?" aliuliza mmoja nyuma.

"Aimeze."

"Na mwenye mkojo?"

"Afanye toba. Atakayetoka nje kishikwambi kikiwa kinarekodi ameua video, na akiua video tunaanza upya, wote, mpaka jioni, bila uji."

Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia. Alicheka pia Fransiska, binti wa mzee Gidabuday, mfugaji aliyehamia huko kutoka tambarare za Hanang. Alikaa dawati la mbele, mwisho kabisa, kando ya dirisha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bangili za shaba zilizogongana kila alipofungua daftari, na kwenye hisabati hakuna aliyemkaribia.

"Mwalimu," alisema, "nyumbani tunakatazwa kumnyooshea mkubwa mkono wa kushoto. Baba anachapa."

"Hapa nimekuruhusu mimi, na baba yako hayumo kwenye ratiba. Isitoshe, wewe wa kushoto utauhitaji lini? Si unajua kila kitu?"

Fransiska aliinamisha kichwa kwa furaha.

Siku iliyofuata Fausta alikifunga kishikwambi kwa kamba juu ya kiti, na kiti juu ya meza, pale mbele pembeni, kikaona darasa zima na mwalimu. Somo lilikuwa sehemu. Kwenye laptopu ya chuo kulikuwa na picha za mkate uliojikata wenyewe, nusu, robo, thumni, kila kipande kikianguka na mlio kama wa tone la maji. Watoto hawakuwa wamewahi kuona mkate wenye adabu namna ile. Bonaventura aliuliza, mikono ikaruka. Akachagua wa kulia, jibu likaja. Akauliza tena, mikono ikaruka tena. Lilikuwa somo zuri. Hilo ni vema lisemwe, kwa kuwa litasemwa na wengi.

Karibu na katikati aliona mkono wa Fransiska. Ulikuwa wa kushoto. Akashangaa kidogo, halafu akaelewa, au alidhani ameelewa: binti anacheza mchezo, anajifanya mjinga ili wenzake nao wapate nafasi. Bonaventura aliupenda utani huo. Ni utani ambao yeye mwenyewe angeufanya. Alipomgeukia akamkonyeza jicho, akaendelea.

Aliposema "Somo letu limeishia hapo," darasa lilipiga makofi kama lilivyofundishwa. Fransiska hakupiga. Alikuwa amelaza shavu kwenye dawati na jasho limelowesha daftari.

Wakamweka kwenye bodaboda kati ya dereva na Fausta, wakamkimbiza hospitali ya Haydom. Alifariki kabla jua halijazama. Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari alimweleza Fausta bila kumlaumu mtu yeyote: maumivu yale huja ghafla, na mgonjwa anayewahishwa, hata kwa saa moja, mara nyingine hupona. Mara nyingine hapana.

Walizika kule malishoni. Bonaventura alihudhuria, akasimama nyuma.

Waliporudi chuoni waliifungua video kwenye maabara ya kompyuta, kwa sababu tarehe ya kuikabidhi haikujua msiba. Fausta ndiye aliyeona.

"Bona. Rudisha nyuma. Hapo. Umeuliza swali?"

"Bado. Hapo nilikuwa nafuta ubao."

"Sasa mbona yeye amenyoosha?"

Wakatazama. Ukingoni mwa picha, upande wa dirisha, Fransiska alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto wakati hakuna swali. Watoto wengine wote walikuwa wameshusha mikono, wake ukabaki. Alikuwa amejipinda kuelekea kwa mwalimu, mkono wa kulia umekandamiza tumbo. Hakutoka, kwa sababu atakayetoka ameua video. Hakusema, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kusema bila kuchaguliwa. Alinyoosha mkono uliobaki. Na mwalimu wake aligeuka, akamwona vizuri kabisa, akamkonyeza jicho.

Fausta alijifunika mdomo kwa kanga. "Hii hatuwezi kuipeleka."

"Tusipoipeleka tunarudia mwaka. Wewe na mimi."

"Basi tukate hapo."

"Tumekatazwa kukata." Bonaventura alisikia sauti yake mwenyewe, ile ya bwenini, ikimjia bila kuitwa. "Tumekatazwa kukata muda. Upana hakuna aliyeutaja."

Wakapunguza upande wa picha. Dirisha likaondoka, dawati la mwisho likaondoka, na Fransiska pia. Hawakuitazama tena mpaka mwisho. Mto ukabaki chini ya blanketi. Faili lenye picha nzima Bonaventura hakulifuta. Alilihamishia kwenye flashi, akaitia mfukoni, na tangu hapo akawa anaigusa mara kwa mara kama mtu mwenye jino bovu.

Madam Gaudensia aliipa video ile alama za juu kuliko zote. Aliandika: "Ushiriki wa wanafunzi ni mkubwa. Nidhamu ya darasa inavutia." Akapanga ioneshwe ukumbini kwa mwaka wa kwanza, iwe mfano.

Asubuhi ya siku hiyo mzee Gidabuday alifika getini akiwa na fimbo yake na shuka begani. Alikuwa amekuja mjini mnadani, na mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa amemwambia kwamba binti yake yumo kwenye picha za chuo.

"Shikamoo, mzee," alisema Bonaventura, kwa kuwa ndiye aliyetumwa kumpokea.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Ndiyo, mzee."

"Alikuwa anakutaja. Alisema unachekesha." Mzee aliegemea fimbo. "Sina picha yake hata moja. Hatukupiga. Nani anampiga mtoto picha, wakati yupo?"

Madam Gaudensia alimkaribisha kwa heshima zote, akamketisha kiti cha mbele, akawaomba wote wasimame kimya kwa ajili ya marehemu. Kisha projekta ikafunuliwa kitambaa chake, na ukuta ukajaa darasa la tano.

Mikono ikaruka. Mwaka wa kwanza wakanong'ona kwa kusifu. Mzee alisogea ukingoni mwa kiti, akitafuta uso baada ya uso.

"Simwoni," alisema.

"Subiri, mzee, darasa ni kubwa," Madam alimjibu taratibu.

Ndipo kutoka ukingoni mwa picha ukaingia mkono. Hakukuwa na bega wala kichwa, mkono tu, mwembamba, wenye bangili za shaba, umenyooshwa juu.

Mzee alisimama. "Huo ni mkono wa mwanangu. Bangili hizo nilimvisha mimi. Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

Mzee alifika ukutani akagusa chokaa pale mkono ulipokatikia, kama mtu anayetafuta mlango.

"Mwalimu," alimgeukia Bonaventura, "isogeze kidogo. Nimwone."

Fausta, aliyekuwa safu ya nyuma, aliinamisha kichwa. Bonaventura aliigusa flashi mfukoni. Aliiona njia nyepesi: kusema "Mashine imekosea, mzee." Ukumbi mzima ungeamini, na Madam angekuwa wa kwanza. Angeondoka pale mwalimu kamili, na mzee angerudi malishoni na kipande cha mkono.

"Madam," alisema, "hii tumeipunguza. Nzima ninayo."

"Mmeipunguza kwa nini?"

"Utaona."

Akaichomeka. Ukuta ukapanuka, dirisha likarudi, na kando yake Fransiska. Mzee alitoa pumzi ndefu, akatabasamu hata. Kisha tabasamu likaanza kupungua.

"Mbona ananyoosha wa kushoto? Mimi nilimkataza."

"Nilimruhusu mimi, mzee. Niliwaambia anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto, ili ionekane wote wanajua. Wa kushoto nilikuwa siwachagui. Na niliwakataza kutoka nje."

Projekta ilivuma. Madam Gaudensia alikuwa amekaa, miwani mkononi.

"Yeye hakujua jibu?" mzee aliuliza.

"Alijua. Hapo hakuna swali, mzee. Tazama, hakuna swali. Alikuwa anaumwa. Alikuwa ananiomba."

"Anakuomba nini?"

"Kutoka."

"Zima, Bonaventura," alisema Madam kwa sauti ndogo. "Zima, mwanangu, tutazungumza ofisini."

"Asizime," alisema mzee. Hakupandisha sauti. Alibaki ameegemea fimbo, nuru ya projekta ikimpita usoni na mikate ikijikata begani mwake. "Bado ameinua mkono. Wewe si ndiye mwalimu? Mruhusu."

"Mzee..."

"Mruhusu."

Bonaventura aliutazama ukuta. Alijua kinachofuata, sekunde kwa sekunde, kuliko sala yoyote aliyowahi kuikariri. Alikohoa.

"Nenda, Fransiska," alisema. "Toka. Nimekuruhusu."

Ukutani mkono ulibaki juu, bangili zikitetemeka. Bonaventura yule mwingine, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, aliacha kufuta ubao, akageuka, akamwona, na akamkonyeza jicho.