Kocha wa Sura ya Mwisho

Katika shule yao kila darasa lina msimulizi. Si cheo rasmi. Ni yule mwanafunzi anayemaliza riwaya mapema, kisha wenzake wanamzunguka saa ya chakula awasimulie, kwa sababu nakala ni chache na mtihani hauulizi kama ulisoma au uliambiwa. Katika kidato cha tatu msimulizi alikuwa Fardowsa, binti wa muuza vitambaa wa hapo mjini. Msikilizaji wake mwaminifu alikuwa Vivian wa Elgon View, mtaa wa matajiri. Kwao kulikuwa na rafu ya vitabu ndefu kuliko ya shule, na Vivian hakuwahi kukifungua hata kimoja.

Mwaka uliotangulia Fardowsa alimsimulia *Shamba Lisilo Mpaka*, riwaya ya zamani ambayo walimu huipenda na wanafunzi huivumilia. Kigen, aliyekaa dawati la nyuma, alikuwa na maoni mafupi kuihusu: "Mzee analima tangu mwanzo wa kitabu na bado hajavuna. Hata ng'ombe wake wamechoka."

Walimu husema mzee huyo ni shujaa, kwa kuwa alipigania mpaka wa shamba maisha yake yote. Fardowsa alimwambia Vivian kwamba yeye anaona mwoga. Mzee alimkosea mkewe akiwa kijana, na alikwenda kugombana mpakani kila siku ili asikae nyumbani kutazamana naye. Ushahidi ulikuwa wazi: katika kitabu kizima hamwulizi mkewe swali hata moja.

Wiki iliyofuata, kwenye kongamano la vijana wasomaji, Vivian alishika maikrofoni na kusema maneno hayo hayo, hadi lile la swali hata moja. Ukumbi ulisimama. Picha yake ikatoka katika jarida la vijana, na tangu hapo kiti cha msemaji wa shule kikawa chake. Fardowsa alikuwa amekitaka kiti hicho tangu kidato cha kwanza.

Alikwenda kwa Madam Emmaculate, mlezi wa chama cha wasomaji.

"Una ushahidi?" Madam aliuliza.

"Nilimwambia mimi, Madam."

"Fardowsa, mawazo hayana mwenyewe. Shule imeshinda. Furahi na wenzako."

Hakufurahi, wala hakubishana tena. Madam alikuwa ameuliza swali sahihi: ushahidi haukuwepo. Fardowsa aliendelea kusimulia, na Vivian aliendelea kumwita "maktaba yangu" mbele za watu. Kila mara Fardowsa alitabasamu.

Mwaka huu kongamano lilichagua *Kiatu cha Kushoto*, riwaya mpya ambayo vijana walikuwa wakipokonyana. Vivian alikuja na sahani yake ya githeri nyuma ya maabara, siku chache kabla.

"Fadu, nipe hiyo ya viatu. Na usiruke kitu, nataka yote."

Fardowsa alimsimulia kwa uangalifu. Chebet na Jelagat ni marafiki, wakimbiaji wa Moiben. Asubuhi ya mbio za mchujo Jelagat anakificha kiatu cha kushoto cha Chebet, na nafasi ya kambi ya mazoezi inakuwa yake. Hakuna aliyeona. Chebet anakaa kimya msimu mzima. Halafu Jumapili moja anasimama kanisani, anamwita Jelagat mbele ya waumini na kusema amemsamehe kwa kile kiatu. Jelagat analia, anasema asante, wanakumbatiana.

Kengele ikalia.

"Aki, hiyo imenigusa," Vivian alisema. "Na hapo inaishia?"

"Wewe unaonaje?"

"Ni mwisho safi. Na wewe umeionaje, maktaba yangu?"

"Mtu akifunga kitabu pale kanisani," Fardowsa alisema, "ataona ni kitabu cha msamaha."

Hakuna neno la uongo katika jibu hilo. Ilibaki sura moja tu. Ndani yake msomaji anagundua kwamba kocha wa kambi alikuwa ameketi benchi la nyuma, na Chebet alilijua hilo kabla ya kusimama. Bila shahidi wa wizi, alihitaji mwizi aseme mwenyewe. Anayeshukuru kwa kusamehewa amekubali kosa. Kesho yake Jelagat anatolewa kambini. Vijana waliokisoma hawakuzungumza juu ya kitu kingine: nusu walimwona Chebet mkatili, nusu walitaka kuwa yeye.

Siku ya kongamano, ndani ya basi la shule, mambo karibu yaharibike. Kigen aligeuka kutoka kiti cha mbele.

"Vivian, huyo kocha si alikumaliza? Mimi nilitupa kitabu kitandani, walai."

Fardowsa alitazama dirishani akangoja. Swali moja tu lingemwokoa Vivian.

"Usiniambie!" Vivian alisema, akicheka. "Hata mimi alinimaliza kabisa."

Ukumbi ulijaa wanafunzi wa Moiben, Ainabkoi na mjini. Madam Emmaculate ndiye aliyeongoza mjadala. Zamu ya Vivian ilipofika, alisimama wima, sauti yake tamu.

"Kilichonivutia ni moyo safi wa Chebet. Hana hila. Mwandishi amefanya vyema kutuacha pale kanisani, wawili wamekumbatiana, bila kuongeza chochote."

Minong'ono ilianza nyuma na kuja mbele. Msichana wa Moiben akainua mkono.

"Na kocha je?"

"Kocha gani?" Vivian aliuliza, maneno ya Kigen ya basini yakiwa yameshamtoka akilini.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu alipiga meza. Madam aliomba kimya, na uso wake haukuwa na mzaha.

"Vivian, kitabu umekimaliza?"

"Niliambiwa kinaishia kanisani, Madam."

"Uliambiwa na nani?"

Macho ya Vivian yalikwenda kwenye safu ya tatu, na ukumbi mzima ukayafuata. Fardowsa akasimama, akatengeneza hijabu yake.

"Na mimi, Madam. Mimi humsimulia vitabu vyote." Kisha akamgeukia Vivian na kupaza sauti bila kuikaza. "Vivian, usiogope. Sina kinyongo. Nimekusamehe. Nimekusamehe hata kwa yale maneno yangu ya *Shamba Lisilo Mpaka*, uliyoyasema hapa mwaka jana."

Kila aliyesoma sura ya mwisho alinyamaza papo hapo. Vivian peke yake hakujua kwa nini kumekuwa kimya. Alikuwa ameaibika, na mtu mmoja alikuwa amemnyooshea mkono. Machozi yakamtoka.

"Asante, Fadu," alisema ndani ya maikrofoni. "Asante sana."

"Wee!" Kigen alipayuka. "Amefanyiwa ile ya kanisani!"

Mayowe yaliyofuata yalisikika hadi barabarani. Msichana wa Moiben alipanda juu ya kiti chake akipiga makofi. Madam Emmaculate alimtazama Fardowsa, kisha akamgeukia Vivian.

"Yalikuwa maneno yake?"

Vivian alifungua kinywa. Asante ilikuwa imeshatoka, watu wote wameisikia.

"Ndiyo, Madam."

"Fardowsa, njoo juu."

Shule ilikuwa na kiti kimoja jukwaani. Vivian alitoka pale akashuka ngazi, na walipokutana chini alimshika Fardowsa mkono.

"Umesema umenisamehe," alinong'ona. "Sasa mbona wanacheka? Hiyo sura inasema nini?"

Fardowsa alitoa kitabu mkobani, akakifungua penye sura ya mwisho na kukiweka mikononi mwa Vivian.

"Hii siisimulii," alisema. "Soma."

Akapanda, akaketi, akavuta maikrofoni karibu.