Tui Lisikatike

Usiku wa jana niliota napika mchuzi wa nguru, mimi ambaye hata chai hunishinda. Marehemu mke wangu, Zuwena, hakuniruhusu kugusa sufuria miaka yote tuliyoishi pamoja, na mimi sikulalamika.

Sasa nimeshika upawa, tui la nazi liko motoni. Vipande vya nguru vimekaa kwenye sinia, vimepakwa ndimu na chumvi, vinasubiri zamu yao. Kichwa cha nguru huyo ndicho kinachosimamia.

"Koroga, mzee," kinasema. "Usiache mpaka lichemke. Tui likikatika, hakuna atakayekula."

"Nani anakula hapa? Niko peke yangu."

"Usiwe mbishi."

Nikakoroga. Jiko likawa uwanja wa mpira. Watu wamejaa majukwaani, kila mmoja na sahani ya wali mkavu, wananitazama. Mwamuzi alikuwa kitunguu.

Ndipo nikasikia nazi ikikunwa nyuma yangu. Mkuno ule naujua: haraka haraka, halafu anatulia kidogo kupiga mwayo.

"Baba Rehema," akasema Zuwena. "Umekonda."

Nikataka kugeuka.

"Macho kwenye sufuria!" kikafoka kichwa. "Tui linataka kujitenga."

"Zuwena, subiri kidogo, mke wangu. Likichemka tu nageuka."

"Nimepita mara moja tu, mume wangu."

"Kidogo tu, tafadhali."

"Haya. Koroga polepole," akasema. "Bizari umezidisha, lakini si haba."

Mara tumerudi jikoni kwetu. Naongea naye nikiwa nimempa kisogo. Namuuliza kama huko aliko anakula vizuri. Anacheka. Kisha simsikii tena.

Tui likachemka, zito, halikukatika hata kidogo. Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

"Hongera," kikasema kichwa cha nguru, kikajitosa mchuzini.

Najuta, jamani. Lingekatika likatike! Watu wangekula wali wao mkavu, wangelala. Uso wa Zuwena nitauona wapi tena?

Niliamka koo limekauka, nikaenda jikoni kunywa maji. Mbuzi ya kukunia nazi, ambayo haijashushwa kutoka juu ya kabati tangu msiba, ilikuwa sakafuni, imekunjuliwa. Nikaikalia. Kibao kilikuwa bado kina joto.