Wimbo wa Kumsema Telesphori

"Hebu acheni hiyo takataka!" Telesphori alipiga kelele, jembe kalitupa katikati ya matuta ya pamba.

Kikundi cha kulima kikakatiza wimbo. Wanawake wale walikuja tangu alfajiri kumsaidia mfiwa, maana magugu yalikuwa yameipita pamba yake wakati yeye anamuuguza mkewe, Melania, na baadaye anamzika.

"Jamani shemeji, tumekosa nini?" akauliza Paskalina, kiongozi wao, rafiki wa marehemu tangu usichana. "Si wimbo wa mwenzetu huu?"

"Wa Melania huo? Hebu rudia nisikie."

Paskalina akaimba kwa sauti ya kanisani: "Telesphori mwema, tajiri wa ng'ombe, baba wa amani."

"Ona sasa! Melania aliniita mwema lini? Lini?"

Kijiji kizima cha Didia kiliujua wimbo wenyewe. Ulizaliwa msimu ule Telesphori alipomswaga maksai wa plau hadi mnadani Shinyanga, akarudi na redio. Betri zikaisha kabla mvua hazijaanza. Melania hakugomba wala hakununa. Alishika jembe, akatunga, na wimbo ukasambaa mashambani, kisimani, hata kwenye foleni ya mizani ya pamba. Wajukuu nao akawafundisha. Babu akigusa tu redio yake, wanaanza. Kila palizi aliongeza ubeti, na kila ubeti ulimkuta Telesphori na kosa jipya. Alikuwa na kipaji mwanamke yule, kipaji cha kumtia mtu wazimu. Mara ngapi alimsihi, "Mama Salvina, tunga basi hata habari za ng'ombe," naye akamjibu, "Ng'ombe hana vituko, Baba Salvina."

"Ni katekista Athanas," Paskalina alijitetea. "Kasema si vizuri kumsema mfiwa mbele ya wakwe. Ndiyo tukaupamba kidogo."

Wakwe kweli walikuwepo. Kaka zake Melania, waliokuja matanga kutoka Ushirombo, walikaa kwenye viti pembeni mwa shamba, makoti yamefungwa vifungo vyote.

"Mmeupamba, au mmemuua mara ya pili?"

Tangu mazishi watu walikuwa wanamsifu Melania mpaka hamtambui: mpole, mnyenyekevu, mnyamavu. Mnyamavu! Melania! Wakiendelea hivi, mwakani hakuna atakayekumbuka alivyokuwa, naye Telesphori atabaki anamlilia mtu asiyemjua.

"Haya, imbeni ule wenyewe."

"Mbele ya wakwe zako? Mimi? Thubutu!" Paskalina alijishika mdomo.

Telesphori akawatazama shemeji zake. Akaliokota jembe. Tangu ujana watu walimwomba asiimbe kanisani, na walikuwa na haki yao, lakini akaimba:

"Maksai kaingia sandukuni,
usiku analia, asubuhi halimi.
Telesphori, ifunge nira redio yako!"

Mtu akakohoa. Cornel, shemeji mkubwa, akashusha kofia usoni huku mabega yanamtikisika. Basi wanawake wakaitikia, majembe yakashuka pamoja, naye akaendelea, ubeti kwa ubeti, aibu kwa aibu: siku aliyolewa akabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, siku aliyopigwa teke na punda wa padri. Hakusahau hata neno moja. Yeye, aliyeapa miaka yote kwamba huwa hasikilizi upuuzi ule!

Mpaka beti zikaisha. Hapa ndipo Melania alipokuwa akipachika ubeti mpya wa msimu. Wanawake wakanyanyua majembe kwa mazoea, wakangoja. Telesphori naye alisimama anangoja, kisha akagundua anamngoja nani. Hasira ikampanda, hasira ya mtu aliyeachiwa kazi nusu na mwenzake.

"Melania mvivu," akaanza. "Melania mvivu, kaenda kulala..."

Akang'oa gugu moja, akalitupa.

"...na palizi haijaisha!"

Paskalina alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Mwanamke mmoja alitaka kucheka, ikatoka kwikwi. Telesphori akauimba tena ubeti ule, kwa nguvu zaidi, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya shamba.

Kule pembeni Cornel aliinuka kitini. Alivua kofia, akavua na koti, akaviweka juu ya kiti. Kisha akaingia kwenye matuta na viatu vyake vya safari, akanyoosha mkono aombe jembe.