Deilili ya Ciku

Karwirwa alipotoka hospitali siku ile ya Jumanne, hakwenda kitandani. Alimwacha mumewe Gitobu akishusha mkoba garini, akateremka polepole nyuma ya migomba, mkono mmoja umeshika mshono wa tumbo, mpaka kwenye matuta yake ya maua.

Maua yenyewe ni deilili, ingawa majirani pale Nkubu huyaita tu maua ya mwalimu, kwa kuwa Karwirwa alifundisha bayolojia miaka ishirini na tisa kabla ya kustaafu. Ua la deilili hufunguka asubuhi na jioni limeshasinyaa. Kesho yake tumba jingine kwenye bua lilelile hufunguka. Karwirwa alikuwa na aina zaidi ya sitini, na nyingi alizizalisha mwenyewe kwa kutoa chavua ya ua moja na kuipaka kwenye jingine. Kila mche ulikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na ukurasa wake daftarini: mabua mangapi, matumba mangapi, ua linafunguka saa ngapi siku ya baridi, majani yanashikwa na kutu au hayashikwi. Mche ambao haukumridhisha kwa miaka mitatu aliung'oa na kuwapa mbuzi.

Namba kumi na mbili peke yake ndiyo hakuwahi kuifikiria hivyo. Binti yake wa pekee, Ciku, ndiye aliyeizalisha akiwa na miaka kumi na minne, kwa brashi ya rangi ya shuleni. Alipanda mbegu kwenye debe bovu na kuandika ukurasa wa kwanza kwa hati yake ya mviringo. Saratani ya damu ilimchukua miezi mitano kabla ua halijafunguka. Lilipofunguka lilikuwa la zambarau iliyokolea, karibu jeusi, koo la kijani, na katikati ya kila petali ulipita uzi mweupe uliojikunja kidogo kwenye ncha. Karwirwa alikaa kwenye udongo siku hiyo mpaka ua likafunga. Kisha akaandika chini ya hati ya mtoto: "Jina: Ciku. Mabua mawili. Matumba kumi na tisa."

Alipokwenda kufanyiwa upasuaji, shina hilo lilikuwa na machipukizi kumi na sita. Sasa alihesabu kumi. Akahesabu tena. Udongo ulikuwa umesawazishwa vizuri sana.

"Ni fuko, Mama Ciku," alisema Nelius, aliyemfuata huko chini na kikombe cha chai. "Wamenisumbua! Nimeziba mashimo mpaka mikono ikaota malengelenge."

Nelius alikuwa rafiki yake tangu chuo cha ualimu, na ndiye aliyemshika Ciku siku ya ubatizo. Alikuwa ametoka kwake Embu kuja kuitunza bustani kwa wiki mbili. Karwirwa alimwangalia mikono. Haikuwa na lengelenge hata moja. Lakini mtu aliyekupikia uji ukiwa mgonjwa humwiti mwizi, kwa hiyo alipokea chai, akashukuru.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Januari, picha iliingia kwenye simu, katika kundi la chama cha wakuzaji maua wa Meru na Embu. Zambarau karibu nyeusi. Koo la kijani. Uzi mweupe uliojikunja kwenye ncha. Chini yake Nelius alikuwa ameandika: "Aina yangu mpya, Malkia wa Nelius. Nimeiandikisha ikaguliwe mwakani. Mniombee."

Watu walikuwa wakimwagia pongezi. Karwirwa aliitazama picha mpaka macho yakauma, kisha akaenda kumwonyesha Gitobu, aliyekuwa akinoa panga.

"Peleka daftari kwa mwenyekiti," Gitobu alisema. "Hati ya mtoto iko pale. Mambo yaishe."

"Yaishe?" Karwirwa alisema. "Aitwe ofisini, aseme samahani, apewe soda? Alimfutia mtoto wangu jina, Gitobu. Jina ndilo tulilobaki nalo."

Gitobu aliweka panga chini. Aliijua sauti ile. Wanafunzi wengi waliijua pia.

Nelius, mgeni katika chama, hakujua kuwa Karwirwa naye yumo katika kundi lile, kwa kuwa huwa haandiki kitu humo. Na kulikuwa na jambo jingine asilolijua. Kila aina mpya hukaguliwa na watu watatu katika bustani ya mwenyewe, na majina yao hayatangazwi ili wasije wakabembelezwa. Karwirwa alikuwa mkaguzi kwa mwaka wa saba. Orodha ilipopangwa, alimpigia mwenyekiti, Muchangi, akaomba apangiwe Embu. Hakusema zaidi ya hapo.

Kisha akangoja. Alimtumia Nelius salamu za Pasaka, wakazungumza kuhusu magoti na mvua. Kanisani, katika Baba Yetu, watu walipofika pale pa kuomba kusamehewa kama wanavyosamehe, alifunga mdomo, akaungana nao tena mbele.

Mwezi wa Agosti Nelius alipiga simu. "Mwalimu, kuna rafiki yangu hapa ana deilili. Maua yametoka madogo, na mabua ni machache. Afanye nini?"

Karwirwa alikuwa ameshika jembe. Aliliegemeza kwenye mgomba taratibu. Jibu la kweli alilijua: shina lililogawanywa huhitaji muda, jua la kutosha, na mboji kidogo. Alijua pia kuwa namba kumi na mbili, kuliko zote bustanini, haistahimili kulishwa sana. Ukiipa mbolea kali inasahau maua, inatoa majani.

"Mwambie aweke mbolea ya kuku," alisema. "Ya kutosha, asione huruma. Na yuria, kijiko kwa kila shina, kila wiki mbili. Umeandika?"

"Naandika, naandika."

"Na aifunike kwa neti. Jua linaichoma."

Alisema neno kwa neno, kama anayesomea darasa imla. Simu ilipokatika aligundua kuwa anatabasamu. Na hakuishia hapo. Kila baada ya wiki tatu alipiga yeye mwenyewe.

"Vipi deilili ya rafiki yako?"

"Majani yanapendeza, Mwalimu! Yamekuwa kama nyasi za nepia!"

"Vizuri. Aongeze yuria."

Siku ya ukaguzi, Nelius alikuwa amealika kikundi chake cha akina mama. Hema lilikuwa limesimamishwa, viti vya plastiki vimepangwa, chapati zimefunikwa. Gari la chama lilisimama langoni. Alishuka Muchangi, akashuka Angeline, mkaguzi kutoka Kibirichia. Wa mwisho alikuwa Karwirwa, amevaa suti yake ya kijivu ya siku za mitihani, daftari kwapani.

Nelius alikuwa akija na mikono wazi. Ilishuka yenyewe.

"Karibuni," alisema, kwa sauti ndogo.

Neti ilipofunuliwa, Angeline alishindwa kujizuia. "Ai! Haya ni maua au ni chakula cha ng'ombe?" Majani yalikuwa yamefika kiunoni, ya kijani kizito, yamelaliana. Katika mashina yote lilisimama bua moja tu, na juu yake matumba matatu, mawili yakiwa yameoza.

"Mama wa mche huu ni aina gani?" Karwirwa aliuliza, kalamu mkononi.

Nelius aliligeukia lile bua. "Ni... ya zambarau."

"Na baba?"

Nelius aliinama kunyoosha jani. Akina mama walikuwa wamesogea kusikiliza.

"Ulichavusha mwaka gani?"

"Mwaka juzi."

"Deilili kutoka kwenye mbegu huchukua karibu miaka miwili kabla ya kuchanua. Yako ilichanua mwaka jana Januari. Nifafanulie, mimi ni mwalimu mstaafu, labda nimesahau."

Hapo ndipo alipofungua daftari. Alisoma kwa sauti tarehe, jina la mama, jina la baba, na sentensi ambayo mtoto aliiongeza mwishoni: "Nimetumia brashi yangu, Mama asijue, nataka kumshangaza." Sauti haikumtetemeka. Alikuwa ameisoma mara nyingi nyumbani ili isije ikamtetemeka.

"Huyu ni Ciku," aliwaambia akina mama. "Mwenzenu alimshika ubatizoni. Nilipokuwa kitandani hospitalini alichimba mimea yake, akaniambia ni fuko."

Mmoja wa wale akina mama alifunika mdomo. Mwingine akachukua kibeti chake kitini. Nelius alianza kulia, lakini katika kile kilio kulikuwa na hasira.

"Wewe una sitini!" alisema. "Tangu chuoni mimi ni wa kukubebea vitabu. Mara moja tu nilitaka watu waje kwangu. Na ni wewe uliyeniambia niweke yuria! Uliniua makusudi!"

"Uliniambia ni ya rafiki yako," Karwirwa alisema.

Muchangi alimgeukia polepole. Aliomba waongee kando, karibu na gari.

"Mwalimu, ulijua tangu lini?"

"Tangu Januari ya mwaka jana."

"Na ukaja na kalamu ya mkaguzi." Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Nelius anatoka chamani leo. Lakini mche umekaguliwa, na umeanguka. Kanuni inaangalia mche, haiangalii jina. Hautaandikishwa tena kwa miaka mitano, uwe wake au wako. Na wewe nitahitaji beji yako."

Hilo Karwirwa hakuwa amelipiga hesabu. Katika miezi yote ile alikuwa akiwaona akilini wenzake wakifuta "Malkia wa Nelius" na kuandika "Ciku" mahali pale pale. Alifungua kipini cha beji kwenye suti, kikamchoma kidole gumba, akamkabidhi.

Gitobu alimpokea barabarani. Walipanda njia ya nyumbani, Karwirwa akimsimulia yote.

"Umeridhika?" Gitobu aliuliza.

"Niliuona uso wake," alisema. "Ndiyo. Nimeridhika." Ilikuwa kweli. Na ilikuwa kweli pia kwamba mtoto alikuwa ameanguka mtihani mikononi mwake mwenyewe, na kwamba miaka mitano ikipita yeye atakuwa na sitini na sita. Aliyabeba yote mawili, na hakuna lililopunguza jingine.

Wiki mbili baadaye lilikuja gunia kutoka Embu. Ndani yake mlikuwa na mashina ya deilili, yote, mizizi ikiwa imefungwa kwa gazeti lenye maji. Karwirwa aliosha mbolea ya kuku kwenye mizizi, akakata majani yale marefu kwa mkasi, akaanza kupanda mashina kwenye tuta jipya lenye jua. Alikuwa amefika la tano simu ilipolia.

"Yamefika?" Nelius aliuliza.

"Yamefika."

"Mama Ciku, naomba unisamehe."

Karwirwa alisimama na mikono yenye udongo. Alilitafuta neno alilotakiwa kusema, akalitafuta kwa dhati, asilione popote.

"Bado," alisema, akakata simu, akachukua shina la sita.