Mbao za Papa Adalbert

Papa yangu alikufa kwa sababu ya maharagi. Mukitaka niseme vizuri, nitasema alikufa kwa risasi, siku zile vita ilipoingia tena Goma. Lakini mimi Charline sijui kusema vizuri, na hasira yangu bado iko kwenye maharagi.

Nyumba yetu ya Murara ni ya mbao, sawa nyumba nyingi za huku. Volkano ya 2002 ilimeza nyumba ya kwanza ya Papa. Mawe yalipopoa, akajenga ingine pale pale juu yake, mukaidi yule. Chini aliweka ukuta mufupi wa mawe ya volkano unaofika kwenye magoti, na kutoka pale mbao tupu mpaka kwenye mabati. Basi kila mutu mwenye nyumba ya namna hiyo anajua: risasi zikianza, unalala chini, kichwa kisipite mawe. Mbao haizuii risasi. Papa mwenyewe ndiye alitufundisha tukiwa watoto, kila mara waasi walipokuja, na walikuja mara nyingi.

Siku ile walikuwa yeye na Mama tu, wamelala kwenye sakafu tangu asubuhi, na sufuria iko kwenye mbabula, jiko letu la makala. Maharagi yakaanza kunuka kuungua. Mama akamuambia, "Acha yaungue." Papa akasema, "Hata makala tumeyapata kwa shida," akasimama. Ni hivyo tu. Vita ni ya wakubwa, maharagi ni yetu sisi.

Mimi nilikuwa kwangu Katindo na watoto, njia zimefungwa. Nilipofika Murara, Papa alikuwa amekwisha kuchukuliwa. Maiti zilikuwa nyingi mujini. Watu wa kuzika walipita wakizikusanya, wakazika haraka, wote pamoja. Wapi? Kaburi gani? Hatukupata wa kutuonyesha. Tukakaa matanga bila maiti, tukalilia kiti chake.

Toka pale Mama akakataa kitanda. Alitandika mukeka mahali Papa alipoanguka, akawa analala hapo hapo. Baridi ya mawe inapanda kati ya mbao usiku kucha, wee! Kifua kikamukamata, akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikimugombeza, ananijibu kwa sauti ndogo, "Bwana yangu hajawekwa kwenye udongo. Mimi nitapanda kitanda namna gani?" Na Mama yangu Mukamugema akisema neno, limesemwa. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuzika wa pili kabla ya kuzika wa kwanza.

Baba mudogo Nsabimana, aliyezaliwa nyuma ya Papa, anakaa Kalengera kwenye shamba la babu. Ndiye aliyetafuta njia. Mwaka ulipokaribia kutimia, akatuita kwa simu. "Hatuwezi kuondoa matanga bila kuweka kitu chini," akasema. "Nguo zake hapana, nguo tutagawia watu. Leteni mbao zile za sakafu alizoangukia, zenye damu yake. Mimi ninachimba hapa karibu na baba yetu." Mama, simu kwenye sikio, aliangalia mukeka wake. Kisha akasema, "Sawa."

Fundi wa kwanza alikuja na nyundo na mutalimbo. Pigo moja tu, Mama akajitupa chini, mikono kwenye kichwa, nyuma ya mawe. Na mbao aliyoipiga, ya pembeni ya mukeka, ikapasuka kutoka huku mpaka kule. Fundi yule nilimufukuza kwa maneno ambayo sitayarudilia, kwani kesho nataka kukomunika kanisani.

Jirani yetu Julienne ndiye alinipa Kambere, mutu wa Butembo aliyemukatia milango chini alipoweka karo mupya kwenye sakafu. Akaja na mufuko mumoja tu, akatoa kamashine ka mukono, ka bateri, kana kisu cha chuma mbele, kipana na kifupi.

"Njo hii mashine yenyewe?" nikamuuliza. "Papa Kambere, nilikuita kukata mbao, hukuja kunyoa ndevu."

"Ndevu zangu zitangoja, mama," akajibu, wala hakukasirika. "Kisu hiki hakizunguki. Kinatikisika tu, huku na huku, mbio kuliko jicho. Ninakipitisha kati ya mbao mbili, kinakata musumari kule chini, na mbao inatoka nzima. Hakuna kupiga."

Kwanza alimuita Mama inje, akawasha mashine na kukata kipande cha mbao kuukuu mbele yake, aizoee sauti. Ikavuma. Mama akatega sikio, mabega yamepanda. Pole pole yakashuka.

"Ni mbu tu," akasema.

"Ni mbu, mama yangu. Na haumi mutu."

Tukaingia. Niliviringisha mukeka. Kambere akapiga magoti, akatazama, akanitazama mimi, akarudi kutazama sakafu.

"Damu ilikuwa wapi?"

Mama alionyesha kwa mukono. "Kichwa hapa. Miguu kule, kwenye mbabula."

Mbao za pale zilikuwa nyeupe kuliko zote za nyumba ile. Kwa kweli zilinishangaza. Mukeka haukuwa umewahi kuondolewa mbele yangu. Lakini nikajiambia, damu ya mwaka muzima, labda imekauka ikapotea, mimi najua nini? Kambere akachora mustari kwa chaki, akapitisha kisu kwenye ufa kati ya mbao ya kwanza na ya pili, akawasha. Musumari wa kwanza ukakatika. Ukafuata wa pili. Harufu ya mbao iliyopata moto ikajaa nyumba.

"Zima," Mama akasema.

Kambere akazima.

"Acheni. Hizo ni mbao tu. Hamuna mutu ndani."

"Mama, baba mudogo amekwisha kuchimba!" Nilipaza sauti, najua. "Watu wa Kalengera wanatungoja, kaburi liko wazi, na wewe unasema nini?"

Akakaa chini, mgongo kwenye ukuta, kichwa chini ya mawe, hata siku ile ya amani.

"Walipomubeba, nilibaki peke yangu," akasema. "Nikajua watu wa matanga watakuja. Wataingia na viatu, watamukanyaga Papa yenu. Nikatwaa brosi na sabuni. Nikasugua, Charline. Nilisugua mpaka mikono ikatoka damu yangu mimi, mpaka mbao ikawa nyeupe namna hii. Maji nikamwaga inje, yakaingia kati ya mawe. Sikujua kama watamuzika bila mimi. Nilifikiri nitamuona, nitamuosha, nitamuvalisha. Kumbe kaburi la bwana yangu nililimwaga inje na ndoo!"

Mana yanjye, Mungu wangu. Ni kazi gani ile? Kila mwanamuke wa huku angeifanya. Kifo kikiingia, mutu wa kwanza anatafuta viti, wa pili anatafuta maji, na mwenye nyumba anasafisha pa kukalisha watu. Nikakaa karibu naye, nikamushika mukono, tukalia wote wawili. Mwaka muzima alikuwa analala juu ya mbao alizoamini ni tupu, na alikubali tuzizike kwa sababu alikosa namna ya kutuambia.

Kambere alibaki amepiga magoti, mashine mukononi, hajui aende au akae. Mwishowe akasema taratibu, "Mama, hii ya kwanza imekwisha kuachia misumari. Niirudishe namna ilivyokuwa?"

"Rudisha," Mama akasema.

Akaingiza vidole kwenye ufa ili aiweke sawa. Mbao ikanyanyuka. Akaigeuza kidogo kwenye mwanga wa mulango, na hapo akavua kofia yake.

"Mama," akasema. "Brosi inasafisha juu."

Ubavu wa mbao ulikuwa mweusi. Mweusi wote, urefu wa mutu, pale ambapo ilikuwa imebanana na mwenzake. Chini yake vilevile, michirizi imekauka, imeingia ndani ya mbao. Papa alikuwa amepita katikati, mahali sabuni haikufika.

Mama alitambaa kwa magoti. Hakulia tena. Aliweka kiganja kwenye ubavu ule, akakipitisha kutoka mwanzo mpaka mwisho, pole, namna unavyopima mutoto homa.

"Sikumufuta," akasema. Akanigeukia. "Charline, sikumufuta!"

"Hukumufuta, Mama."

"Kata zote," akamuambia Kambere. "Kata pole pole."

Akakata. Mashine ililia mpaka bateri ikaisha, akaweka ingine, na Mama hakushtuka hata mara moja. Yeye mwenyewe alishika kila mbao isianguke. Iliyopasuliwa na fundi wa kwanza tuliifunga kwa kamba. Tukazifunika zote kwa kitenge chake cha ndoa, kile cha Pasaka na Noeli, na Kambere akaziba shimo kwa mbao mupya zinazonuka msitu.

Kwenye baryera moja ya njiani kabla ya Rumangabo, askari kijana aligonga dirisha la gari akauliza muzigo ule murefu ni nini. Nilifungua kinywa, na mungenijua mungeogopa. Mama akanitangulia.

"Ni bwana yangu," akasema. "Tunamurudisha kwao."

Askari aliangalia kitenge, akaangalia Mama, akainua kamba iliyofunga njia.

Tulimuzika Kalengera, karibu na babu. Baba mudogo alimuita kwa jina lake lote, padri akasali, Mama akatupa udongo wa kwanza kwa mukono wake. Wanawake walikuwa wamepika maharagi. Aliyala, akasema yamekosa chumvi.

Tuliporudi Murara, aliviringisha mukeka akausimamisha kwenye kona. Nilimufuata mpaka kwenye mulango wa chumba, nikajificha kidogo. Alipanda kitanda, akalala upande wake wa ukutani. Upande wa Papa akauacha.