Pasipo na Namba ya Simu

Ofisini kwa Tarmo Väisänen, mjini Kuopio, kahawa ikishamiminwa haiachwi ipoe. Kwa hiyo siku ile ya Januari, saa nane mchana, baridi ikiwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, Tarmo hakuijaribu skripti yake, programu fupi ya kusafisha mafaili ya kompyuta, kwenye faili moja kwanza. Aliiachia kwenye mafaili yote mia mbili na kumi na mawili, akaenda kunywa.

Kila fleti iliyosimamiwa na ofisi ilikuwa na faili lake la mipangilio: jina, namba ya simu, mlango, joto. Kanuni aliitoa bosi, Marketta: pasipo na namba ya simu hapana mtu, mistari mingine ifutwe. Skripti ikafuta.

Saa tisa akapiga simu Reino, jirani wa mama yake.

"We Tarmo, mlango wa mama yako haupo."

"Umefungwa?"

"Nimesema haupo. Ukuta mtupu. Yumo ndani anagonga, anasema anaganda. Na uvivu wako huo, leo kimbia."

Mama yake, Hilkka, ana miaka themanini na mmoja. Simu aliirudisha dukani zamani. Ilikuwa inamkatiza maneno.

Tarmo aliirudisha ile mistari kwa mkono. Skripti, ambayo hupita kila robo saa, ikaifuta tena. Nakala ya zamani hakuweka. Akamwendea Marketta.

"Tuisimamishe skripti kwa ajili ya bibi mmoja?" Marketta akasema. "Mnunulie simu."

"Nitampitishia wapi?"

Marketta akafikiri. "Hapo kweli," akasema, akamega mkate wa iliki.

Tarmo akaandika namba yake mwenyewe kwenye faili la mama. Namba moja haikai kwenye mafaili mawili. Skripti hubakiza lile jipya, la zamani hulifuta. Alijua, kwani mstari huo aliuandika yeye.

Saa kumi mlango ulikuwepo. Mama alikaa jikoni na koti, midomo ya bluu.

"Umechelewa. Na viatu vua."

Akavua. Kwake, ng'ambo ya barabara, sasa palikuwa ukuta. Hakwenda kutazama.

"Na Eeva wa ghorofa ya juu?" mama akauliza. "Naye hana simu."

Tarmo alikuwa na namba moja tu, na Reino, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakutaka kuitoa yake. Wakapanda wote watatu. Ukuta wa Eeva ulikuwa laini, wa baridi kama chuma. Ndani pakagongwa mara tatu.

"Eeva! Jifunike, mwenzangu!" mama akaita.

Pakagongwa mara mbili. Wakangoja mpaka miguu ikafa ganzi; hapakugongwa tena.

Jumatatu Marketta akaandika kwamba skripti imefanya kazi bila kosa, ikapelekwa hata miji mingine. Wakazi wa ghorofa ya juu wakakubaliana kwamba ukuta wa Eeva unafaa kutundikia makoti. Mwenye nyundo ni Reino. Alipigilia misumari sita, polepole, na baada ya kila pigo alisimama kidogo, akasikiliza.