Kilichokuwa Chini ya Vitambaa

Baiskeli ya mume wangu niliikwaruza siku ya nne tangu ainunue. Mpoyi alikuwa kazini, karakana ya treni. Mimi nilikuwa narudi shambani nikiisukuma, mtoto wetu Musau mgongoni, jembe nimelining'iniza kwenye kadre, ule mwili wa chuma wenye rangi ya kijani. Jembe likateleza, likaacha mstari mweupe, urefu wa kidole.

Na Mpoyi alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: "Mama Musau, uniangalilie rangi yake. Rangi ikitoka, watu watasema mwenyewe ni muntu wa ovyo."

Sikumwambia. Nilichukua mabaki ya vitenge niliyopewa na jirani yetu Waziri, fundi cherehani, nikayakata membamba, nikaizungushia kadre yote kama bendeji. Mwisho nikashona kwa uzi.

Mpoyi aliporudi alicheka kwa furaha. "Unaona mke anayesoma masomo ya jioni? Ameikinga hata kabla sijamwambia namna!"

Nami, Mungu anisamehe, nikatabasamu.

Sifa ikatembea mtaa wetu wote wa Mikelenge. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, wanaume waliotoka kufyeka majani ya barabara walikuja kuigusa. Jumanne na Alhamisi, Mpoyi akinipeleka darasani nimeketi nyuma yake, watu waliita: "Velo imevaa kuliko bibi yake!" Kila waliposifu, nilihisi ule mstari kama uko shavuni mwangu.

Mvua zikaja. Siku moja niliona maji ya kahawia yanadondoka kwenye mshono. Nikafungua kidogo. Mchanga ulikuwa umeingia chini ya kitambaa, na kila Mpoyi alipokanyaga pedali, magoti yake yaliusugua kwenye chuma. Rangi imelika, kutu imeshika. Mkwaruzo wangu hata sikuuona tena. Nikashona upesi.

Jumapili ile Waziri akaja na baiskeli yake mpya, nyekundu, karatasi ya dukani bado iko kwenye kadre. Mkononi alishika vitambaa.

"Mama Musau, leo njo zamu yangu! Nimekata kitenge kizuri mpaka bibi yangu amenuna."

"Mufungie," Mpoyi akasema, anakula. "Mikono yako iko na baraka."

Nikaitoa karatasi. Nikazungusha kitambaa mara moja, mara ya pili. Rangi ile ilikuwa safi, niliona uso wangu ndani yake. Mikono ikakataa.

"Sifungi," nikasema.

Nikachukua mkasi, nikakata uzi wa baiskeli yetu. Vitambaa vikaanguka pamoja na mchanga na kutu. Waziri, ambaye mdomo wake haukosi mzaha, akaokota kitambaa kimoja, akakikung'uta mchanga.

"Nilifunga kwa kuficha," nikasema. "Ni jembe langu, siku ya nne. Na kufunga njo kumeiharibu kabisa."

Mpoyi akapitisha kidole kwenye chuma. "Siku ya nne," akasema polepole. "Na mimi nilikuwa ninakusifu karakana nzima."

Angenigombeza ingekuwa afadhali. Waziri akashika usukani wake. "Aksanti, Mama Musau. Umeniponyeshea yangu," akasema, akaenda bila mzaha.

Siku nne Mpoyi alisema nami mambo ya chumvi na maji tu; Jumanne hata darasani sikwenda. Alhamisi nilimwachia jirani mtoto, nikaweka daftari kwapani, nikaanza safari ya darasani kwa miguu. Nyuma yangu ikalia kengele. Mpoyi alikuwa amesugua kutu, akapaka mafuta ya mawese.

"Panda. Usiguse kadre, nguo yako itachafuka."

Tukaenda. Penye soko mtu akapiga kelele: "Ee, velo wameivua nguo!"

"Inapumua!" Mpoyi akajibu. Halafu, bila kugeuka, akauliza chini chini: "Iko kitu kingine ulichofunga?"

"Hapana."

"Basi."

Nikainamisha kichwa. Chuma kile kiliniangalia na mabaka yake yote, nami nikakiangalia mpaka tulipofika.